Viwiko Juu ya Friza

Nimako hakuwa fundi wa makelele. Pale Magazine, mtaa wa mafundi wa magari wa Suame, mjini Kumasi, ambapo kila banda lina nyundo yake na kila nyundo ina mdomo wake, yeye alifanya kazi kwa kiganja. Gari likiletwa linachemka, wenzake hukimbilia spana. Nimako hufungua boneti, huuacha mvuke umalize hasira zake, kisha hupitisha kiganja karibu na rejeta bila kuigusa, juu, katikati, chini, kama mtu anayepima homa ya mtoto aliyelala. Juu moto na chini baridi, rejeta imeziba. Moto kote na feni imelala, tafuta waya. Miaka kumi na tisa alijipatia fufu, chakula chake cha kila siku, kwa kiganja hicho, na madereva wa Suame walikuwa na neno lao: gari likichemka, usilie, nenda kwa Nimako.

Jumanne moja aliletewa teksi na dereva mnene aitwaye Kwarteng, shati limemganda mgongoni.

"Fundi, nimebadilisha rejeta, nimebadilisha maji, hata themostati nimetoa," Kwarteng alisema. "Feni inazunguka, naiona kwa macho yangu. Lakini nikiingia tu kwenye foleni ya Kejetia, gari linatokota."

"Themostati alikutolea nani?"

"Fundi mmoja huko nyuma. Alisema nchi yetu ina joto, gari halihitaji kitu kile."

"Ungekaa naye kidogo angekutoa na figo."

Nimako akachana kipande cha gazeti, lile lililofungiwa maandazi yake ya asubuhi, lina mafuta. Akamwambia Kwarteng awashe. Feni ilipoanza kuvuma, akalishika gazeti mbele ya rejeta na kuliachia. Lilitakiwa linase pale kama nzi kwenye asali. Badala yake lilimrukia kifuani.

"Umeona? Feni yako inazunguka kinyume. Aliyekufungia amegeuza waya. Kwenye foleni unajikokota, upepo mdogo unataka kuingia, feni inausukuma utoke. Wanagombana mlangoni, ndani kunaungua."

"Ee! Na mimi nilikuwa naisifu!"

"Kuzunguka si kufanya kazi," Nimako alisema, akaanza kuzibadilisha waya.

Hapo ndipo Asumang, mchomeleaji wa banda la jirani, alipoinua miwani yake myeusi na kuita kwa sauti ambayo hata nyundo hazikuifunika.

"Nimako! Mchana huu nimepita kwenu Kronum. Yule jamaa wa viatu vyeupe alikuwa anaingia na kimfuko chake."

"Anatengeneza friza ya mke wangu."

"Hii mara ya tatu. Friza gani hiyo isiyopona? Au ina mimba, anakuja kliniki?"

Mafundi wakacheka. Kwarteng naye akacheka, na yeye hata hakujua kinachochekwa. Nimako hakucheka. Alikaza skrubu ya waya mpaka bisibisi ikateleza, akajikwaruza kidole, akakinyonya. Yeye aliyeweza kujua joto la gari kwa mbali hakuhitaji kiganja kujua lililokuwa likipanda kifuani mwake.

Mtu wa viatu vyeupe aliitwa Bediako, fundi wa friza na feni za ndani. Alizaliwa Bantama, nyumba ya tatu kutoka nyumba ya ukoo wa Afrakoma, mke wa Nimako. Walisoma darasa moja. Hilo Nimako alilijua siku ya kwanza tu, kwa sababu Bediako mwenyewe alilisema huku akitabasamu: "Huyu mkeo alikuwa ananipiga shuleni, shemeji." Tangu siku hiyo Nimako alikuwa amemsoma mtu yule kuliko alivyowahi kusoma kitabu. Mfuko wake wa vyombo una zipu. Kucha zake safi, na huyo ni fundi! Akimaliza kazi hunawa kwa sabuni, mara mbili. Na siku ya pili alipokuja, maji alipewa katika kikombe cha bluu chenye mpini, na kikombe cha bluu ni cha Nimako.

Lakini hadithi ya friza ilianza kabla ya Bediako.

Afrakoma aliuza kenkey ya barafu. Alisaga kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, kwa maziwa na sukari, akatia karanga, akafunga kwenye vifuko, akagandisha, na hakuna aliyeionja akaenda kununua kwingine. Friza ilikaa barazani, ikitazama barabara. Ilikuwa friza ya kulala, kifuniko juu, na kimo chake, kwa bahati mbaya ya Nimako, kilikuwa kimo hasa cha kiwiko cha mwanamume aliyesimama. Walikuja madereva, wakaja walimu, akaja karani mmoja wa kampuni ya mbao. Mtu ananunua kifuko kimoja, anakikata pembe kwa meno, halafu anaweka viwiko vyote viwili juu ya friza na kuanza: "Afrakoma, ehe, niambie." Kifuko kinachomalizwa kwa dakika tatu kinachukua nusu saa. Nimako akirudi jioni hakuwa akimwona mkewe. Aliona migongo.

Siku moja alisema, "Jua linaipiga friza hapa. Itaharibika."

"Jua lipi? Baraza ina paa," Afrakoma alisema.

"Mimi ndiye fundi wa joto hapa, au wewe?"

Akaleta wenzake wawili, wakaibeba mpaka chumbani kwao, wakaisukuma pale palipokuwa na nafasi, kati ya kabati na ukuta wa nyuma, ikakaa kama kizibo kwenye chupa. Afrakoma akaifunika kwa kitambaa chake cheupe cha kufuma, kile kikubwa chenye maua, kilichoning'inia mpaka chini, maana kitu kikiwa chumbani lazima kipendeze. Wateja wakaanza kununua dirishani. Dirisha lilikuwa juu, na halikuwa na mahali pa kuweka kiwiko. Nimako alifurahi kwa wiki mbili.

Wiki ya tatu friza ikaanza kuzima. Inavuma, inanyamaza kwa mlio mdogo kama mtu anayegonga ulimi, inakaa kimya, inaanza tena. Kenkey zikalainika. Afrakoma alimwambia mumewe, naye akasema kesho. Alimwambia tena, akasema yeye ni fundi wa magari. Ukweli aliouficha, ambao hata nafsi yake haikuusema kwa sauti, ulikuwa huu: friza ile ilikuwa imemtesa, na yeye hakuwa na haraka ya kuiponya. Mara ya tatu Afrakoma hakumwambia. Alimwita Bediako.

Basi Jumanne ile, baada ya maneno ya Asumang, Nimako alimaliza teksi ya Kwarteng, akafunga banda kabla ya saa nane, akaenda nyumbani. Mlangoni pa chumba chake mwenyewe alikuta viatu vyeupe vimepangwa sawasawa, visigino pamoja. Ndani alisikia kicheko cha Afrakoma. Kilikuwa kicheko cha tumboni, kile ambacho Nimako alikuwa hajakisikia tangu binti yao Konadu alipokwenda shule ya bweni.

Akasukuma mlango. Bediako alikuwa amejibana kati ya kabati na friza, goti moja chini. Afrakoma alikuwa ameinama juu yake akimshikia tochi.

"Kaka Nimako! Karibu, karibu," Bediako alisema.

Kukaribishwa chumbani kwako mwenyewe! Nimako alibaki mlangoni.

"Mnacheka nini?"

"Tunamcheka mwalimu wetu wa hesabu," Afrakoma alisema. "Mbona umerudi mapema? Unaumwa?"

"Siumwi. Safari hii imeharibika nini? Wiki ya kwanza feni, wiki ya pili sijui kitu gani cha kuanzishia."

"Kompresa inapata joto sana," Bediako alisema. Alimtazama Afrakoma kidogo, akarudi kutazama waya. "Ikizidi, kuna kifaa kinakata umeme ili isiungue. Ndiyo maana inazima. Nimeifunga vizuri. Itakwenda."

Lile jicho, la kidogo tu, Nimako aliliona. Jicho linalomuuliza mwingine: tuseme au tusiseme?

Bediako alipokwisha kunawa mikono mara mbili na kuondoka, Afrakoma alifutika tochi kwenye kanga ya kiuno na kusimama mbele ya mumewe.

"Baba Konadu, nisikilize. Jumamosi ni mazishi ya mzee wa Tafo. Wameniagiza vifuko mia tano. Viko humu tayari mia tatu, na kesho kutwa naongeza. Friza ikinizima tena vikayeyuka, jina langu limekwisha. Mji mzima wanakaa chini ya turubai moja, na kila mdomo utanitaja. Ikizima tena, naipeleka nyumbani kwetu Bantama."

"Ipeleke."

"Na ikienda Bantama, na mimi naenda. Siwezi kulala Kronum biashara yangu ikilala Bantama. Chakula chako nitakuletea kila jioni, kama mama alivyomletea baba. Si talaka."

"Si talaka," Nimako alirudia.

Alijua kwamba si talaka. Wanawake wangapi Kumasi waliishi kwenye nyumba za ukoo wao na kuvuka mji na sufuria kichwani wakati wa magharibi? Lakini macho yake yalishafika Bantama. Yaliona nyumba ya ukoo, yakahesabu moja, mbili, tatu, yakagota kwenye mlango wenye viatu vyeupe. Huko friza ikikohoa, fundi atasikia akiwa mezani kwake. Hatahitaji hata kuitwa.

Siku mbili zile Nimako hakufanya kazi yoyote ya maana. Alifunga rejeta moja akasahau kukaza bomba, maji yakamwagika miguuni mwa mwenye gari. Kichwani alikuwa na jambo moja: yule mtu amekosea mahali. Lazima awe amekosea. Fundi mwenye kucha safi namna ile hukosea. Nitaifungua, nitalipata kosa lake, nitamwonyesha Afrakoma kwa kidole, na viatu vyeupe havitapangwa tena mlangoni pangu.

Ijumaa asubuhi Afrakoma alikwenda sokoni kutafuta majani ya kufunikia na maboksi ya kubebea. Alipopotelea kwenye kona tu, Nimako alitoa spana zake, akakunja kile kitambaa cheupe, akajipenyeza pale alipopenyeza Bediako. Hata kwa nafasi alimwonea wivu: mwenzake mwembamba, yeye kitambi kilikwama.

Friza ilikuwa inavuma. Alifungua kifuniko cha chini, akamulika. Akatafuta waya uliogeuzwa, kiungo kilicholegea, utepe uliofungwa ovyo. Hakuna. Waya zilikuwa zimepangwa kama nywele zilizosukwa. Kila kiungo kimefunikwa, kila skrubu imekaa. Nimako aliitazama kazi ile kwa muda mrefu, na ilimuuma kuliko kile kicheko, kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko yake.

Ikabaki feni. Alitoa gazeti mfukoni, akalichana, akalileta upande wa kuvuta hewa. "Ruka," alilinong'oneza. "Ruka, nakuomba." Gazeti likanasa. Feni ilikuwa inavuta sawasawa.

Akalihamishia upande wa pili, kule hewa inakotokea, bila hata kujua anatafuta nini. Akaliachia. Gazeti lilisukumwa, likagonga ubavu wa kabati, likatetemeka hapo, likateleza likiufuata ukuta, likazunguka, na mbele ya macho yake likarudi kule lilikotoka na kunasa tena kwenye mdomo wa feni.

Nimako akalichukua, akaliachia tena. Likazunguka tena, likarudi.

Akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Kabati nalo. Akakishika kitambaa cheupe alichokuwa amekiweka kitandani. Kwenye pindo, mahali pa kuning'inia, kilikuwa kikavu na cha manjano kama kilichopigwa pasi sana. Friza ilikuwa inatoa joto lake na kulivuta tena, inalitoa na kulivuta, mchana na usiku. Haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa haipumui.

Mara ngapi alikuwa amewafokea madereva kwa jambo hilihili! Mtu anaweka ubao wenye nembo ya ukoo wake mbele ya rejeta, au bendera ya timu, anakuja analalamika feni mbovu. "Feni haina kosa," ndivyo alivyozoea kuwaambia. "Nani aliziba hapa?"

Nani aliziba hapa?

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, spana mkononi. Aliona njia mbili, na zote zilimchoma. Akisema, atasema mbele ya mkewe kwamba fundi wa viatu vyeupe hana kosa hata moja, na kwamba mharibifu ni yeye. Asiposema, Bediako ataaibika kesho mbele ya turubai nzima ya Tafo. Hiyo ilikuwa tamu. Aliilamba kidogo moyoni. Lakini nyuma ya utamu ule kulikuwa na Bantama.

Friza ikagonga ulimi, ikanyamaza.

Alisubiri iwake. Haikuwaka. Alifungua kifuniko, akabonyeza kifuko kimoja cha juu. Kilibonyea.

Alitupa spana, akaikumbatia friza kwa mikono miwili na kuvuta. Ilikuwa na vifuko karibu mia tano tumboni na haikumjali. Alisukuma kwa bega. Kabati ndilo lililosogea.

"Hodi," sauti ilisema mlangoni. "Afrakoma aliniomba nipite niiangalie kabla ya kesho." Bediako alikuwa amesimama, ameshavua viatu. Alimwona Nimako, akaona kitambaa kitandani, akaona vipande vya gazeti.

Nimako alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mtu yule, ameyatunza wiki tatu. Yaliyotoka yalikuwa haya:

"Shika upande huo. Tunaitoa barazani."

Bediako akaweka mfuko chini, akashika. Walikwenda hatua kwa hatua, wakigombana na kizingiti, mama wa chumba cha jirani akiwapigia kelele, "Mnahama? Nani kamfukuza nani?" Waliiweka barazani, Nimako akaivuta mbele mpaka kiganja chake kilichonyooka kikapita kati yake na ukuta, kwa urefu, tangu kidole cha kati hadi kifundo. Wakaacha ipoe. Ilipowaka, ilivuma kwa sauti nyingine, ya chini, kama mtu aliyefunguliwa mkanda.

"Kumbe ulijua?" Nimako aliuliza bila kumtazama.

Bediako alifuta jasho. "Siku ya kwanza tu. Nilimwambia Afrakoma, hapa hapafai. Akaniambia, 'Mume wangu ndiye aliyeiweka, na yeye ndiye bingwa wa mambo haya mji huu. Ukimwambia amekosea itamuuma. Jaribu kwanza njia nyingine.' Nimejaribu njia zote, kaka. Zimeniishia."

Nimako alikaa kwenye ngazi. Kwa hiyo siri ilikuwapo. Hakukosea. Mkewe na mtu huyu walikuwa na siri tangu siku ya kwanza, wameilea wakicheka kwa tochi. Na siri yenyewe ilikuwa yeye. Hakujua afurahi au auone wivu zaidi, maana hata kutunzwa kwake kulikuwa kumefanywa na wawili.

Afrakoma alirudi na maboksi kichwani. Aliiona friza kutoka barabarani. Alikuja mpaka ngazini, akafungua, akabonyeza kifuko, akabonyeza kingine chini yake, akafunga. Alimtazama mumewe. Kisha Bediako. Kisha mumewe.

"Na jua je?" aliuliza.

"Jua nitalishughulikia," Nimako alisema. "Ni mimi niliyeiziba. Yeye hana kosa."

"Nilijua hana kosa."

"Najua ulijua. Ameniambia."

Afrakoma akampa maboksi ayashike, akaingia ndani. Alitoka na kikombe cha bluu kimejaa maji. Bediako alinyoosha mkono kwa mazoea. Kikombe kilimpita, kikaenda ngazini.

"Wewe subiri cha plastiki," Afrakoma alimwambia.

Jumamosi vifuko mia tano vilikwenda Tafo vigumu kama mawe, na vikarudi maboksi matupu. Jumapili, baada ya kanisa, Nimako alileta kutoka Magazine boneti ya teksi iliyokufa, akaifunga juu ya friza kwa vyuma viwili alivyochomelewa na Asumang, ili hilo jua alilolisema liwe na mpinzani. Asumang alikuja mwenyewe kuona, akanunua kifuko, akakikata kwa meno, akaweka viwiko.

"Afrakoma, ehe, niambie."

Nimako, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda hatua mbili tu, kigoda kipya cha barazani, aliinuka na kipande cha gazeti mkononi.

"Toa kiwiko hapo. Unaziba hewa."

"Hewa iko nyuma, Baba Konadu," Afrakoma alisema, bila kuinua macho kwenye karanga alizokuwa akipepeta.

Nimako aliangalia nyuma, akapitisha kiganja. Kilipita bila kugusa popote. Akarudi kigodani, lakini kabla ya kukaa alikisogeza mbele kidogo, mpaka kiwiko chake nacho kikafika juu ya friza.